Nyayo za Shanga

Denver, 6 Oktoba 1938

Bibi yangu,

Shikamoo. Na wewe Mjomba Ambrose unayemsomea Bibi barua hii, shikamoo, ila safari hii usiruke maneno. Najua ukifika mahali pa kukuchosha unasema "na yaliyobaki ni salamu," halafu unaikunja.

Kazi naipenda. Wamenipa chumba cha chini cha makumbusho, chenye dirisha moja na meza ndefu, nami nashona upya shanga zilizokatika kwenye vitu vya watu wetu Waarapaho na vya ndugu zetu Washeyeni. Msimamizi wetu, Bwana Pruett, ni mzee mkavu kama ubao, na anachokipenda duniani ni kadi. Kila kitu kina kadi yake. Kadi isiposema, basi kwake kitu hicho hakipo.

Wiki iliyopita lililetwa sanduku kutoka nyumba ya tajiri mmoja aliyefariki. Ndani mlikuwa na jozi ya viatu vya mtoto, vya ngozi ya kulungu, vya zamani. Bibi, nilipovishika moyo ulinilipuka. Mishono ya ukingoni yote imelalia upande wa kushoto. Mimi namjua mtu mmoja tu katika Waarapaho anayeshona kwa mkono wa kushoto, na ndiye aliyenifundisha.

Kwa juu ni vyeupe, vina mstari mwekundu kutoka kidoleni hadi kifundoni na kijani pembeni. La ajabu ni chini. Soli zote mbili zimejaa shanga, kama vile mwenye kuvivaa hakutarajiwa kukanyaga chini. Mstari mwekundu unaendelea huko, kando yake kuna vimraba vinne vya buluu, na mstari mweusi wa meno-meno unaukatiza. Kadi iliyokuja navyo inasema: "Njia. Hema nne. Nyoka, ili mtoto asiumwe." Nikamwambia Bwana Pruett kwamba kwetu pembetatu ya mama huyu ni hema, ya mama yule ni kilima, ya mwingine ni moyo wake, na anayejua ni aliyeshona tu. Akanijibu, "Basi mtafute aliyeshona." Ndiyo maana nakuuliza. Ni mkono wako huu? Na maana yake ni nini?

Kuna jambo jingine dogo. Kila asubuhi nikifungua droo nakuta soli zina umande. Nimezifuta mara tatu. Leo nimekuta na mbegu ya nyasi, zile zinazong'ang'ania soksi huko kwetu. Labda panya wa Denver wana safari zao.

Mjukuu wako,
Clementina


Ethete, 14 Oktoba 1938

Clementina,

Bibi yako ameipata barua na anasema hivi: viatu hivyo yeye havijui. Wako wanawake wengi waliokuwa wakishona kwa kushoto zamani, nao wamekufa. Nakshi hizo ni njia na nyoka tu, kadi imesema kweli. Virudishe droo, ufunge, ufanye kazi nyingine. Anasema pia usimwandikie tena habari hizo, zinamchosha macho.

Haya, sasa ni mimi Mjomba wako nasema. Huku hatujambo. Jumamosi jirani zetu Washoshoni walitushinda kwenye mchezo wa kubashiri mfupa uko mkono gani, wakatunyoa bila maji. Felix wa mtoni amerudi nyumbani ameshika suruali kwa mkono, maana mkanda wameuchukua. Mkewe kamuuliza, "Na akili yako nayo uliiweka dau?" Tumecheka mpaka farasi wakashtuka. Nyama tumeshaianika, cheri za mwituni zimekauka vizuri. Wewe kula, ushone, usiwaze mambo ya droo.

Mjomba wako,
Ambrose Graycrane


Denver, 23 Oktoba 1938

Dada Rosella,

Nakuandikia wewe hapo jikoni misheni kwa sababu barua zote za Bibi hupitia mikononi mwa Mjomba Ambrose, na nadhani hazimfikii.

Nilimwuliza Bibi jambo. Jibu lililokuja liliniita Clementina. Rosella, tangu mama yangu afariki Bibi akanichukua, lini umemsikia akiniita jina hilo? Mimi ni Panzi. Hata akinigombeza ni Panzi. Halafu eti zinamchosha macho! Macho gani, na anasomewa?

Nimekuwekea nakala ya barua yangu ya kwanza humu ndani. Nenda kwake siku ambayo Mjomba hayupo, umsomee kwa kinywa chako. Halafu umwongezee haya, maana yametokea baadaye.

Siku vilipofika nilivipima mbele ya Bwana Pruett, na yeye mwenyewe akaandika kwenye kadi: inchi sita na nusu. Wiki moja baadaye nilikuwa natafuta kisanduku cha kuviwekea, nikavipima tena. Inchi saba na robo. Nikasema nimekosea. Juzi nimepima: inchi nane. Shanga hazijaachana, Rosella, wala ngozi haijavutika. Zipo nyingi zaidi. Nimezihesabu kwenye mstari mwekundu mpaka kichwa kikaniuma.

Kisigino cha kulia sasa kimelika, shanga tatu zimetoka, kama kiatu cha mtu anayeburuta mguu. Umande haupo tena. Siku hizi ni udongo, ule wetu mwekundu wa kando ya mto.

Jana saa nne asubuhi, jua tele dirishani, niliviweka mezani vidole vikielekea mlangoni. Nikageuka kuchukua sindano. Nilipotazama tena vilikuwa vimeelekea dirishani. Nikavigeuza. Nikainama kuokota uzi, vikaelekea dirishani. Nikavigeuza mara ya tatu nikabaki nimevikodolea macho, havikusogea. Ila nyuma yangu kuna mtoto aliguna, kama mtoto anayechoshwa na mkubwa mjinga. Dirisha hilo linatazama kaskazini-magharibi. Linatazama huko kwenu.

Sijamwambia mtu. Nenda upesi.

Mdogo wako,
Clementina


Ethete, 2 Novemba 1938

Panzi,

Nimekwenda. Nilimkuta Bibi anakatakata nyama ya supu. Nikamwuliza kama alisomewa barua yako ya Oktoba. Akasema ndiyo, Panzi hajambo, anashona, Denver kuna baridi. Basi. Ndivyo alivyoambiwa.

Nikamsomea zote mbili. Nilipofika kwenye soli, kisu kilisimama. Akauliza, "Vimraba vya buluu, amesema vingapi?" Nikasema vinne. Akaniambia, "Soma tena hapo pa inchi." Nikasoma. Akavua aproni, akatoka nje, akasimama mbele ya nyumba ametazama kilimani, bila shali, na upepo ule unaujua. Nilimwita akanyanyua mkono tu nimwache. Supu ikaungua.

Aliporudi alisema niandike kama anavyosema, nisilirembe neno. Haya ni yake:

"Panzi, mkono ni wangu. Mama yako alikuwa na mdogo wake wa kike. Jina lake silitamki, ameshaondoka nalo. Aliugua majira ya baridi ya mwaka 1909, ana miaka sita. Alipokuwa amelala hawezi kusimama aliniambia anaogopa kwenda peke yake atapotea. Nikamshonea. Nilishona na chini kwa sababu chini ndiko atakakotazama akikaa kupumzika.

"Ule mstari mwekundu si njia ya milimani. Ni kutoka mlangoni kwetu. Vimraba ni nyumba nne za ndugu ambako alizoea kupewa chakula, asilale njaa. Nyeusi si nyoka. Ni mfereji wa maji, niliomkataza asiuvuke peke yake. Mzungu aliyeandika nyoka hakuniuliza.

"Nilimvisha mwenyewe. Alizikwa navyo kilimani. Sasa viko kwako, na yeye anatembea bila kuona nyumbani kwao. Usivivae, usimwachie mtu avivae. Ukisikia sauti usimkemee. Mwambie Bibi anakuja."

Halafu akaniambia, si ya kuandika lakini naandika, "Kaburi lilichimbwa na mtu mmoja, ardhi ilikuwa imeganda, wengine walishindwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Niitie Ambrose."

Nimemwita. Alikuja anacheka, ana mzaha wake mdomoni. Bibi alimwambia, "Kaa, mwanangu," akamwekea mbele barua zako mbili. Mjomba alizitazama hakuzigusa. Mimi nilitoka. Nilipokaa nje nilisikia mtu mzima analia.

Nimefukiza nyumba kwa moshi wa mwerezi. Na wewe ukiweza kuupata, fukiza chumba chako.

Dada yako,
Rosella


Ethete, 5 Novemba 1938

Panzi,

Naona haya kukuita hivyo lakini sasa nimeamriwa nisibadilishe tena jina la mtu.

Ni mimi. Miezi michache baada ya maziko, theluji ilipoyeyuka, alipita mzungu na gari la farasi akinunua vitu vya zamani. Alisema anataka viatu vyenye shanga mpaka chini, atoe tandiko jipya la farasi. Sikuwa na njaa, Panzi, wala sikuwa na mgonjwa. Ningependa nikwambie nilikuwa na mgonjwa. Nilikuwa kijana na nilitaka tandiko.

Nilipanda kilimani mchana, watu wako kwenye mgao wa nyama, nikafukua kaburi. Alikuwa kama amelala. Nilipomvua cha kulia mguu ulinikatalia kidogo, kama mtoto anayekunja vidole usimvishe soksi. Hilo sijamwambia Shangazi, Bibi yako. Usimwambie.

Tangu hapo, kila theluji ya kwanza, naamka nakuta nyayo nje. Ndogo, za miguu mitupu. Zinakuja mpaka chini ya dirisha langu na hazirudi. Mke wangu nilimwambia ni nungunungu, na kweli mnyama yule ana nyayo kama za mtoto, akaamini. Miaka ishirini na tisa nimemsingizia nungunungu. Lakini kila mwaka zilikuwa kubwa kidogo, na hakuna nungunungu wa kiasi hicho. Mwaka jana zilikuwa kama za mke wangu.

Barua yako ilipokuja nilifikiri nikikaa kimya vitabaki Denver na wewe utachoka. Unaona akili yangu.

Shangazi hakunitukana. Amesema jambo moja: "Umevichukua kwa mkono wako, utavirudisha kwa mkono wako." Napanda treni Casper siku ya kumi na nne. Mwambie huyo Bwana wa kadi nakuja.

Ambrose


Denver, 17 Novemba 1938

Dada Rosella,

Mjomba ameondoka leo na treni ya asubuhi, na viatu anavyo. Nakuandikia upesi ujue ilivyokuwa, mumpokee.

Alikuja makumbusho amevaa koti lake la kanisani. Bwana Pruett alimwambia akae, akakataa. Akasema, "Viatu hivyo nilivivua miguuni mwa maiti. Mimi ndiye mwizi. Nimevifuata." Nikatafsiri.

Bwana Pruett akasema habari hiyo ni ya kusikitisha, ila makumbusho haiwezi kutoa kitu kwa maneno. "Una karatasi yoyote?"

Mjomba akajibu, "Bwana, kaburi halitoi risiti."

Mzee akachukua kadi, nadhani alitaka kumwonyesha kwamba vitu vina utaratibu wake. Akasoma kwa sauti: inchi sita na nusu. Kisha, kwa mazoea tu, akachukua futikamba akaviweka mezani akapima. Akapima tena. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akapima kingine. Vilikuwa inchi tisa na robo. Nilimwona anasogeza midomo kama mtu anayehesabu.

Akaniuliza, "Ni wewe uliyevibadilisha?" Nikasema hapana. Akasema, "Najua. Hakuna binadamu anayeweza kushona hivi kwa wiki sita." Ndipo mle ndani, mchana kweupe, sisi watatu tumefunga mlango, tukasikia mtoto anahesabu kwa lugha yetu. Moja, mbili, tatu, nne. Halafu anaanza tena. Moja, mbili, tatu, nne. Kwa kujibembeleza mwenyewe, kama anayekumbuka nyumba za kupitia. Sauti ilianza ya mtoto, na ilivyokuwa ikiendelea ikawa inakomaa, mpaka mara ya mwisho ilikuwa ya mwanamke mzima.

Nilifanya kama Bibi alivyoniagiza. Nikasema, "Bibi anakuja." Mjomba akanisahihisha. "Hapana," akasema kwa lugha yetu, akitazama meza, "ni mimi nimekuja. Twende nyumbani." Hesabu ikakoma.

Bwana Pruett alichana kadi vipande viwili, akavitia mfukoni mwake mwenyewe. Akaniambia bila kunitazama, "Andika kwenye daftari kwamba vimeliwa na nondo." Nikaandika. Akaanza kufunga sanduku kwa kamba, halafu akamwachia Mjomba afunge.

Ndugu yangu, alipolibeba sanduku kituoni alisema ni zito kuliko alipoondoka nalo makumbusho, na pembe moja imeanza kupasuka. Atashuka Casper, apate lori. Jumamosi awe amefika.

Mdogo wako,
Clementina


Ethete, 26 Novemba 1938

Panzi wetu,

Nisamehe kwa ukimya. Jumamosi ulivyosema hakufika. Wala Jumapili. Ilishuka theluji ya kuwafunika ng'ombe mpaka tumboni, na mke wa Mjomba alikuwa ameshaanza kukata nywele zake, kuomboleza. Bibi alimzuia mkono. "Subiri," alisema, "haji peke yake huyo."

Jumanne alasiri mlango ulisukumwa, Mjomba akaingia. Tulimkalisha karibu na jiko nikamvua buti. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vitapotea, daktari amesema. Mikono ilikuwa mitupu.

Bibi alisimama mbele yake. "Viko wapi?"

"Nimempa mwenyewe," akasema.

Nakuandikia kama alivyosimulia. Lori lilikwama Casper siku tatu. Lilipotoka lilimfikisha njia panda tu, dereva akakataa kuendelea. Akaja kwa miguu, sanduku kifuani. Alipovuka daraja upepo ulipiga kila kitu kikawa cheupe, hakujua mbele wala nyuma. Sanduku likapasuka kabisa, akavitia viatu ndani ya koti. Akakaa chini. Anasema hakuwa na baridi tena, alijisikia vizuri, na unajua maana yake mtu anayejisikia vizuri kwenye theluji.

Ndipo mtu akasema kwa lugha yetu, "Inuka, Ambrose. Umekalia njia yangu."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na zaidi, mwenye shali, na theluji haikuwa imeikalia. Uso wa mama yako, Panzi, lakini mdomo wa Bibi. Hakumlaumu. Alisimama tu akingoja, ana miguu mitupu. Mjomba akatoa viatu, akapiga magoti, akamvisha. Anasema mguu wa kulia ulikunja vidole kidogo, halafu ukalegea.

"Vilimtosha?" Bibi akauliza.

"Vilimtosha."

Akatangulia, Mjomba akafuata mgongo wake. Hakujua wametembea kiasi gani. Mara akaona moshi wa jiko letu. Alipotazama tena, mwanamke alikuwa ameshaacha njia na kuelekea kilimani, anapanda bila haraka.

Bibi hakuuliza zaidi siku ile. Kesho yake kulitulia, tukapanda kilimani sisi wawili, yeye kwa fimbo. Theluji juu ya kaburi ilikuwa laini kama shuka lililotandikwa, haina alama hata ya sungura. Kuzunguka pote, hakuna wayo. Nilimwuliza tuchimbe tuone? Akanitazama kama vile nimetukana. Akawasha mwerezi, akaketi juu ya jiwe, akaongea na mtu kwa muda mrefu, kwa sauti ndogo. Mimi nilisogea mbali. Kuna mahali alinyamaza kama anayesikiliza, akaitikia, akaendelea. Upepo ulikuwa umekufa kabisa, niliogopa, lakini sikukimbia.

Jana jioni Mjomba aliletwa kwetu na mkewe, anachechemea. Nadhani alikuja kusikia hukumu. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kukaa. Bibi alikuwa anakoroga supu. Hakugeuka.

Akauliza, "Ulipomwona, alikuwa na njaa?"

Mjomba akafikiri sana. "Hapana, Shangazi. Hakuwa kama mtu mwenye njaa."

"Alikuwa analia?"

"Hapana."

"Basi uso wake ulikuwaje? Sema kweli, Ambrose. Usinitungie."

Mjomba akatazama sakafu. "Alikuwa anacheka," akasema. "Alikuwa anaicheka kofia yangu. Nilikuwa nimejifunga suruali ya ndani kichwani juu ya kofia, kwa ajili ya baridi, miguu ya suruali inaning'inia masikioni. Kila akigeuka kunitazama kama nafuata, anacheka."

Bibi aliacha kukoroga. Alijifunika mdomo kwa pembe ya shali, mabega yakaanza kutikisika, nasi hatukujua ni kicheko au ni kilio, na nadhani na yeye hakujua. Kisha akachukua bakuli, akalijaza supu, nyama juu, akamnyooshea Mjomba.

"Kaa ule," akasema. "Inapoa."

Dada yako,
Rosella